Njia ya Denmark Hupitia Molo

Mwalimu Sitati alifundisha jiografia miaka thelathini na ushee bila kuvuka mpaka wowote wa nchi isipokuwa ule wa Uganda, na huo aliuvuka akiwa mgongoni kwa mama yake wakienda matangani, kwa hiyo hata mandhari hakuyaona. Lakini ungemsikia darasani! Ngano ya Kanada aliivuna mwenyewe. Samaki wa Japani aliwavua kwa nyavu zake. Na ilipofika zamu ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, Kenya ikilinganishwa na Denmark, wanafunzi waliokuwa wakisinzia waliamka, maana Mwalimu aliwaingiza zizini kwa Mdenmark na kuwapitisha ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Watoto wa Nakuru walimaliza shule wakijua zaidi mambo ya malisho ya Denmark kuliko ya Njoro hapo jirani.

Baba yake alikuwa mtu wa Bungoma aliyeletwa mjini na reli, na Sitati alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akakua akisikia magari ya moshi yakienda mahali ambapo yeye haendi. Alioa Nanyama, akanunua kiploti mtaa wa Kaptembwo wakati ambapo Kaptembwo bado ilikuwa na nafasi ya kugeuza baiskeli, akajenga nyumba yake na vyumba vichache vya kupangisha. Mambo yake yalikuwa sawa mpaka siku ya karamu ya kustaafu. Mgeni wa heshima alisimama akasema, "Mwalimu huyu ametuzungusha dunia nzima." Watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa akajibu Kiptum, mwalimu wa michezo, "Na yeye mwenyewe amefika wapi? Gilgil!"

Ukumbi mzima ulicheka, maana Gilgil ni mwendo wa saa moja tu kutoka Nakuru. Mwalimu naye alicheka, kwa kuwa ukichekwa mbele ya soda za bure huna budi. Lakini neno lile lilimkaa moyoni mithili ya mwiba wa samaki. Alikuwa ametumia maisha yake kueleza habari za watu ambao hakuwahi kuwasikia hata wakikohoa. Akaapa kwamba kabla ya kuingia kaburini atazungumza na Mdenmark mmoja, sikio kwa mdomo, na amuulize habari za ng'ombe.

Utasema, si angepiga simu tu? Wapangaji wake walimwambia hivyo hivyo. Lakini simu unampigia mtu unayemjua, na Mwalimu hakumjua Mdenmark yeyote. Alichotaka ni Mdenmark wa kuokota. Na Mungu ana mizaha yake: njia ilifunguka kutokea Gilgil. Bruda mmoja mzee wa misheni alikuwa anarudi kwao Ulaya, akamwachia redio yake ya ridhaa, yaani redio ya wale watu wanaofanya mtihani wa serikali, wakapewa leseni, kisha wakakaa nyumbani wakizungumza na dunia nzima kwa mapenzi tu. Redio ilikuwa imeungua masafa yote ya juu. Yaliyobaki mazima yalikuwa ya chini tu, ya wimbi la urefu wa mita themanini, ambayo husikika mbali jua likishazama huku kwetu na kule kwao, na ambayo wenye haraka huyakimbia. Mwalimu alifanya mtihani, akapita, akapata leseni, akaitundika ukutani juu ya picha ya harusi.

Iliyobaki ilikuwa antena, na hapo ndipo jiografia ilipomponza. Mtu asiyejua kitu angeuliza. Mwalimu alijua. Nakuru, alisema, iko mita elfu moja mia nane na hamsini juu ya usawa wa bahari. Kilima kirefu kuliko vyote Denmark hakifiki mita mia mbili. Kwa hiyo waya wowote wa Nakuru, hata ukiulaza chini, uko juu ya vichwa vya Wadenmark kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, na sauti itateremka kwao kama maji yanavyoteremka kutoka milima ya Mau kwenda ziwani. Akanunua waya wa shaba, akafunga ncha moja kwenye jukwaa la tangi la maji na nyingine kwenye nguzo ya choo, ukapita juu ya ua kwa kimo cha mtu aliyeinua mkono. Aliutazama, akaridhika.

Fancy, mpangaji wa chumba cha tatu, naye aliutazama akaridhika. Kesho yake waya ulikuwa na mablanketi mawili na sare za shule.

"Fancy, hiyo si kamba," Mwalimu alimwambia. "Hiyo ni antena."

"Pole, Mwalimu. Lakini iko poa, haishiki kutu. Basi nianike soksi tu?"

Jioni ya kwanza, jua likizama, Mwalimu aliketi sebuleni mbele ya redio, akakohoa, akashika maikrofoni na kuita kwa Kiingereza chake cha darasani: anatafuta Denmark, yeyote wa Denmark anayemsikia, huyu ni Sitati wa Nakuru. Redio ilinguruma. Aliita tena. Ikaja sauti safi kana kwamba mtu yuko jikoni na Nanyama.

"Denmark sijui, boss. Hapa ni Molo."

Hivyo ndivyo alivyomjua Kipketer. Alikuwa fundi wa mawasiliano jeshini, akastaafu, akarudi kwenye shamba la baba yake kule Molo, akawa anafuga ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wake aliwapa majina ya vituo alivyotumikia: Isiolo, Lodwar, Moyale. Moyale ndiye aliyekuwa mkubwa, mwenye maziwa na mwenye teke.

Jioni ya pili Mwalimu aliita Denmark, akajibiwa na Molo. Ya tatu vivyo hivyo. Wakati mwingine alipata mtu wa Eldoret, mara moja daktari wa Kericho, lakini Kipketer hakukosa hata siku moja. Mwalimu alimhesabu kuwa mazoezi. Mtu anayengoja wageni wa maana haachi kumsalimu bawabu. Basi walizungumza: bei ya viazi, baridi, ugonjwa wa kiwele, majani ya kukata, mvua iliyokataa. Kipketer alimsimulia usiku aliolala kwenye tope, mkono umezama ndani ya Moyale mpaka begani, akimgeuza ndama aliyekuja matako mbele. Alisimulia vizuri mno, kwa kituo na pumzi, hata Nanyama alizima jiko akaja kusimama mlangoni kusikiliza. Mwalimu alikuwa akitazama saa.

Jioni moja Kipketer alisema, "Leo ni mwaka mmoja, Mwalimu, tangu nimzike mke wangu Chepkemei."

"Pole sana, mzee," Mwalimu alisema. Akangoja kiasi cha adabu, kisha akaomba masafa yaachwe wazi kidogo, aite Denmark kabla hali ya anga haijabadilika. Ndiyo, alisema hivyo. Nanyama alimtazama kwa jicho ambalo wake za watu huliweka akiba.

"Hiyo Denmark imekukosea nini?" alimuuliza. "Umepata mtu wa ng'ombe, yuko hapo Molo, anaongea kama kitabu. Hujawahi hata kwenda kumwona. Fimbo ya mbali haiui nyoka, baba."

Kweli hawakuwa wamewahi kuonana. Namba za simu walikuwa nazo, lakini kupigiana simu waliona ni sawa na kuibia mtihani. Na nauli ya Molo haikuwa tatizo, tatizo lilikuwa kwamba Molo ni karibu. Mahali pa karibu huwa hatuendi, tunajua patakuwepo.

Mwaka wa pili Mwalimu aliamua kwamba Kaptembwo haiko juu vya kutosha. Jumamosi moja alipakia redio na betri ya gari kwenye bodaboda, akapanda mpaka ukingo wa shimo la volkeno la Menengai, mita elfu mbili na mia mbili na zaidi, akatandaza waya juu ya vichaka. Upepo ulimpeperusha kofia ikaingia shimoni. Jua lilipogusa milima ya Mau aliita Denmark. Jibu lilikuja kabla hajamaliza sentensi.

"Mwalimu! Leo unasikika ni kama uko kwa zizi langu!"

Alirudi nyumbani bila kofia na bila Denmark.

Kulikuwa na mtu mmoja mjini ambaye angemsaidia, na msiba ni kwamba alikuwa amemfundisha. Sue alikuwa daktari wa meno, mwenye leseni ya redio kabla yake, na mwenye kadi alizotumiwa na watu wa nchi nyingi alioongea nao hewani. Lakini mwanafunzi hamfundishi mwalimu wake. Unaweza kuwa na miaka hamsini, na gari, na mvi. Ukikutana naye barabarani unaficha sigara. Sue alijaribu kwa njia za kuzunguka, kwa heshima nyingi mno.

"Mwalimu, nimesoma mahali kwamba waya wakati mwingine hupenda kuwa mbali kidogo na udongo."

"Sue, ulipata ngapi jiografia?"

"B minus, Mwalimu."

"Basi."

Ndipo Mungu akamletea Mwalimu Sitati maumivu ya jino. Gego la nyuma lilimshika Ijumaa, Jumatatu akawa kwenye kiti cha Sue, amelazwa chali, taya limekufa ganzi, mdomo umeshikizwa wazi kwa kifaa cha mpira. Sue alishika chombo chake, akamtazama. Akakiweka chini. Nadhani wazo lilimjia hapo hapo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao, Mwalimu alikuwa mbele yake na hawezi kusema "kaa chini".

"Mwalimu, samahani sana," alisema. "Kuna kitu nataka kukwambia, na hutaweza kunijibu kwa nusu saa."

Aliigeuza ile taa ya kumulikia mdomo ikatazama juu, akachukua kioo cha mkononi, kile cha wagonjwa kujitazama meno, akakishika juu ya taa. Mwanga uligonga kioo ukarudi moja kwa moja, ukamwangukia Mwalimu kifuani.

"Taa ni waya wako. Kioo ni lile tabaka la angani linalorudisha mawimbi. Waya ukilala karibu na ardhi, wimbi linatupwa juu wima, linagonga, linarudi hapa hapa. Hapo kifuani kwako ni Nakuru, Gilgil, Molo." Kisha akaiinamisha taa, ikapiga kioo kwa ubavu, na mwanga ukaruka chumba kizima ukaangukia kalenda iliyokuwa mlangoni. "Pale ndipo Denmark. Anayetaka kufika mbali hatupi juu, Mwalimu. Anatupa chini chini, kwa pembe ndogo, karibu na upeo wa macho."

Mwalimu alitoa sauti ya koo.

"Na waya haujui bahari iko wapi. Unajua tu udongo ulio chini yake. Kwa mita themanini, waya wa kulala ungetaka kuinuliwa mita arobaini kutoka ardhini ndipo wimbi liiname. Wako haufiki mita tatu, na umeanikwa blanketi. Nguzo ya mita arobaini huwezi kusimamisha Kaptembwo. Lakini unaweza kuusimamisha waya wenyewe: mita ishirini wima, na nyaya nyingine uzitandaze chini kama mizizi. Uliosimama hautupi juu, unatupa pembeni. Hasara zake ni mbili. Utazoa kelele zote za mtaa, na watu wa karibu utawaruka."

Kisha, akishasahau kabisa woga wake, akaongeza, "Ninachoshangaa ni mzee Kipketer, ninayemsikia hewani nawe kila jioni, kutokukwambia. Jeshini hilo ndilo somo la kwanza: ukitaka kuongea na kambi ya jirani, laza waya."

Hapo Mwalimu alitoa mlio mkubwa sana. Sue akadhani ganzi imeisha, akamwongeza sindano.

Alitoka pale na pengo kinywani na moto moyoni. Kosa lake mwenyewe alilisamehe kabla hajafika kituo cha mabasi. Kosa la Kipketer hakulisamehe. Miaka miwili! Miaka miwili anamwita Mdenmark, na yule mtu anamsikiliza, anajua, anamwambia habari za kiwele! Alihisi ameibiwa. Jioni ile hakuwasha redio. Wala hakumpigia simu Kipketer kumwuliza, kwa sababu mtu ukimwuliza anaweza kuwa na jibu.

Aliunganisha nguzo mbili za mkaratusi, vijana wa mtaa wakazisimamisha kwa kamba na makelele, na waya ukapanda wima mpaka ncha. Nyaya za chini alizizika uani kote, na mstari mmoja ukapita katikati ya sukuma wiki za Nanyama.

"Umezika nini hapa?" Nanyama aliuliza.

"Mizizi."

"Mizizi ilikuwepo. Ilikuwa ya sukuma."

Quincy, kijana wa chumba cha mwisho, alikuja na simu mkononi akatazama juu mpaka shingo ikamuuma. "Niaje, Mwalimu. Hii ni WiFi, ama? Password ni gani?" Alipoambiwa ni ya kuongea na Denmark, aliuliza kama Denmark wana WiFi. Mchungaji wa kanisa la pembeni alituma mzee wa kanisa kuulizia kwa upole ikiwa kuna dhehebu jipya linafunguliwa.

Waya uliosimama ulizoa kelele, kama Sue alivyosema. Mashine ya kuchomelea ya fundi wa milango iliingia, chaja za bei rahisi za wapangaji zikaingia, pasi na televisheni zikaingia. Mwalimu alisikiliza ndani ya ule mvumo kama mtu anayetafuta sindano kwenye pumba. Sauti moja haikuwemo tena, ya Kipketer. Amenuna, Mwalimu alijiambia. Anaona haya. Na aone. Saa ya chai ya jioni ilipofika alijikuta ametega sikio upande ule, akaudhika na sikio lake.

Kisha Januari, anga limekauka na mafundi wa milango wamefunga kazi kwa sababu umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima, aliita akitumia betri. Ule mvumo ulikuwa umekatika. Kutoka mbali, nyembamba, ikipanda na kushuka, ikaja sauti ya mzee inayotamka Kiingereza kama mtu anayetembea kwenye mawe. Alikuwa Preben. Alikuwa Denmark.

Mwalimu alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Machozi yalimlengalenga na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na maikrofoni na mwingine ulikuwa umeshikilia meza. Preben, kama ilivyo desturi ya wanaredio, alimpa tarakimu mbili za kueleza jinsi anavyomsikia, akamshukuru, akaanza kuaga. Miaka thelathini na ushee, na mtu anaaga!

"Ngoja!" Mwalimu alisema. "Nieleze habari za ng'ombe wako."

"Ng'ombe?" Preben alisema. "Rafiki yangu, mimi nilikuwa dereva wa basi. Baba alikuwa na ng'ombe, akawauza nikiwa mdogo. Siku hizi wanakamuliwa na mashine, mtu hata haingii. Mimi sijagusa ng'ombe miaka sitini. Wewe unao?"

Mtu mkweli angesema hapana. Mwalimu alitazama dirishani, akaona ua, tangi, choo, na soksi za Fancy kwenye ule waya wa zamani ambao hakuwa ameufungua.

"Ninao," alisema.

Na mlango ukishafunguka, kilichokuwa nyuma yake kikamwagika. Ng'ombe wangu Isiolo. Ng'ombe wangu Lodwar. Ng'ombe wangu Moyale, mwenye teke, lita ishirini kwa siku. Alimsimulia Mdenmark kuhusu majani yaliyokatwa na umande, kuhusu kiwele kilichovimba kikakandwa kwa maji ya moto, kuhusu usiku wa tope na ndama aliyekuja matako mbele, mkono wangu mpaka begani, Preben, mpaka begani! Alishangaa alivyoyajua yote. Kila neno lilikuwa pale, na kituo chake na pumzi yake. Upande wa pili Preben alikuwa anavuta kamasi.

"Baba alikuwa akisema hivyo hivyo," alisema. "Na nani anakusaidia? Una jirani?"

"Hapana," Mwalimu alisema. "Niko peke yangu."

Sauti ikafifia, Denmark ikazama. Mwalimu alitoka uani akipiga kelele kwa furaha, gizani, na wapangaji wakadhani stima imerudi. Nanyama alikuja na mshumaa.

"Umempata? Amesema nini kuhusu ng'ombe wake?"

"Hana ng'ombe."

"Basi mmeongea nini muda wote huo?"

Mwalimu alisema usiku huu ana uchovu.

Furaha ya kumpata Mdenmark ina kasoro moja: lazima umwambie mtu anayejua ilikuwa ngumu kiasi gani. Fancy hakujua. Quincy aliuliza tena password. Kiptum wa michezo, alipoambiwa, alisema, "Poa," akaendelea kula mahindi. Mtu mmoja tu duniani angeelewa, na huyo alikuwa adui. Jumapili Mwalimu alivaa koti, akasema anakwenda Molo kumwambia yule mzee ukweli wake usoni. Nanyama hakubisha. Alimfungia mkate na sukari kwenye karatasi.

"Naenda kugombana, mama."

"Hata kugombana hakuendwi mikono mitupu."

Molo ilikuwa na ukungu, na malori ya viazi yalikuwa yameikoroga barabara ikawa uji. Mwalimu aliuliza dukani kwa Kipketer wa redio, akaelekezwa, akapanda njia ya shamba huku akifanya mazoezi ya hotuba yake. Nyumba ilikuwa ndogo, ya mbao. Waya ulipita juu ya ua kwa kimo cha mtu aliyeinua mkono. Kwenye zizi alisimama mzee mfupi wa gambuti na sweta ya zamani ya jeshi, akaangalia lile koti na kile kifurushi.

"Mwalimu," alisema, na ilikuwa sauti ile ile ya jikoni. "Karibu. Umefika saa ya kukamua."

"Ulijua," Mwalimu alisema. Salamu aliiruka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. "Ulijua ule waya hauwezi kufika Denmark."

"Nilijua siku ya kwanza."

"Na ukaninyamazia miaka miwili!"

"Nilikunyamazia." Kipketer alipokea mkate na sukari kwa mikono miwili, akashukuru, akaviweka mahali pakavu kabla ya kuendelea. "Nilikuwa nimemzika Chepkemei. Nyumba ilikuwa imenyamaza sana, Mwalimu. Halafu jioni moja mtu anaita Denmark, na ananiangukia mimi. Nilijua siku utasimamisha huo waya, utaniruka. Nikasema, wacha akae na mimi kidogo. Ilikuwa makosa. Nisamehe."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Kwa msamaha hakuwa amejiandaa hata kidogo, na hotuba yote ikamtoka kichwani. Akatafuta kitu kingine cha kusema, akakipata kile alichokibeba chini ya hasira tangu Kaptembwo.

"Nimempata Mdenmark," alisema, na uso ukamng'aa bila kutaka.

"Najua. Nilisikia."

"Ulisikia? Denmark?"

"Yeye, hapana. Wewe. Waya uliosimama hutambaza sauti kidogo ardhini. Ulikuja mwembamba sana, lakini huku hakuna kelele. Nimekuita kila jioni, Mwalimu. Hukuwa unanisikia, Kaptembwo imekuziba masikio. Lakini mimi jioni ile nilisikia maneno yako yote."

Mwalimu alisimama pale kwenye baridi ya Molo, na uso ukamwaka moto. Ng'ombe wangu. Mkono wangu mpaka begani. Alitaka kusema jambo, lakini Kiingereza kilikataa, Kiswahili kikakataa, na Kibukusu ambacho ni cha mama yake kikamwonea aibu. Aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwahi kuionja mbele ya mtu yeyote tangu awe mwalimu.

Kipketer hakumkemea. Alifungua mlango wa zizi. Ng'ombe mkubwa mweusi mwenye mabaka meupe aligeuza kichwa akamtazama mgeni, na mguu wa nyuma ukasogea kidogo.

"Moyale ndiye huyo. Lakini unamjua, ni wako."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kipketer hakuwa na siku tatu. Alimpa Mwalimu kigoda, akampa mafuta ya kukamulia, akamwekea ndoo mkononi. Mwalimu, aliyekuwa ameifundisha wilaya nzima maziwa yanavyotoka, aliketi na koti lake la Jumapili, akashika chuchu mbili, akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena. Mkia ulimzunguka ukamchapa sikio.

"Lita ishirini, ulimwambia," Kipketer alisema, akiegemea boriti, mikono ndani ya mifuko ya sweta. "Kwangu hajawahi kupita kumi na mbili. Nikafikiria, pengine ni mkono wangu ndio mbaya. Sasa kamua, Mwalimu. Ningekusaidia, lakini ulimwambia mzungu uko peke yako."